Chama cha Wenye Kungoja

Shemeji yangu wa Lusangi alinitumia habari kwa kinywa cha motari mumoja, mwendesha pikipiki, aliyekuja Kasongo na mizigo ya maharagwe. Motari alisimama mulangoni, akanywa maji, akapangusa mudomo, akasema, "Muzee, shemeji yako anakusalimia. Anasema mupunga ukisha kuvunwa, atakuja kumuchukua dada yake. Utayarishe vitu vya mama. Atakuja mwenyewe, na atarudi naye."

Dada yake ni muke wangu. Tumeoana miaka ambayo siihesabu tena, juu ya kuwa kila nikihesabu yeye alikuwa ananikosoa, na siku hizi hawezi kunikosoa kwa mudomo. Basi motari alienda zake, mimi nikabaki pale mulangoni na kikombe chake mukononi. Muke wangu alikuwa nyuma yangu kwenye kiti. Alisikia yote, na alielewa yote. Hilo shemeji hakulijua, na ndilo lililoleta taabu yote ninayotaka kuandika.

Niseme mapema kwamba mimi ni mutu wa maneno mengi. Shule niliishia primeri ya pili. Mwalimu alimuambia baba yangu kwamba mutoto huyu anasema kuliko mwalimu. Kazi yangu ilikuwa kinga, ndiyo baiskeli. Nilikuwa nabeba chumvi na vitambaa kutoka Kasongo mupaka Kabambare, narudi na mawese. Kwenye kupanda unasukuma, kwenye kushuka unavuta kwa nyuma ili muzigo wako usikuue. Jioni tunaingia kijiji chochote, watu wanatupa ugali na sombe ya majani ya muhogo, sisi tunawapa habari za njiani. Kwa hiyo chakula changu nilikipata kwa mudomo, na mutu hatupi chombo kinachomulisha.

Hata muke wangu nilimupata namna hiyo. Munyororo ulikatika mbele ya nyumba yao Lusangi, kwenye njia ileile, nikakaa siku mbili kwa kazi ya saa moja. Yeye alileta maji, akasikiliza habari zangu zote, za kweli na zile zingine, halafu akasema, "Munyororo ulipona tangu jana. Unangoja nini?" Nikajua kwamba huyu nikimuacha nitajuta.

Lakini nirudi kwa ugonjwa.

Siku ile alikuwa anaanika mupunga kwenye mukeka uani. Mimi nilikuwa ndani nasema naye kupitia dirisha, na kama kawaida sikutazama kama ananijibu. Nilisema muda murefu. Nilipotoka nilimukuta amelala juu ya mupunga, macho wazi, mudomo umepinda upande. Lopitali walisema ni damu, tansio ilipanda, mushipa wa kichwani ukaharibika. Alikaa kule wiki nyingi. Muguu ulirudi karibu wote, mukono wa kuume ulirudi nusu. Maneno hayakurudi.

Lilibaki neno moja: sabuni. Ukimuuliza kama iko na njaa, sabuni. Ukimuuliza nani amepita, sabuni. Akinikasirikia, sabuni, sabuni, sabuni, kwa sauti ileile aliyokuwa ananigombeza nayo zamani, hata kupumua anapumua mahali palepale. Jirani yetu, mutu mwema kabisa, alileta vipande vitatu vya sabuni, akidhani tumepungukiwa.

Halafu asubuhi moja alishika kikombe cha chai akasema "Bismillahi" yote mupaka mwisho, safi kama mutoto wa madrasa. Nilikimbia nje bila viatu kuwaambia majirani kwamba amepona. Walikuja wengi. Wakamuuliza, "Mama, umepona?" Akawatazama, akasema, "Sabuni." Waliondoka kwa adabu, mumoja mumoja.

Ndiyo na hapana vilikuwa vinatoka, lakini vilikuwa vinabadilishana mahali. Anataka wali, anasema hapana na sahani anaivuta kwake. Enfirmie, muuguzi wa lopitali, alinieleza, nami sikumuelewa. Alitaja jina la Kifaransa, afazi. Alisema, "Muzee, akili iko. Anasikia, anaelewa, anakumbuka. Kinachokataa ni neno kutoka. Usimuone kama mutoto." Nikasema ndiyo, ndiyo, nikarudi nyumbani nikamufanya mutoto. Nikamupikia, nikamulisha, nikamuvalisha, na zaidi ya yote nikamusemea. Niliona kwamba kwa kuwa yeye hana maneno na mimi niko nayo mengi, basi yatatosha wawili.

Shemeji alikuja kumuona wakati wa Idi. Akakaa karibu naye, akasema, "Dada, unalala vizuri?"

Nikasema, "Analala vizuri sana, shemeji, hata kukoroma anakoroma."

"Unakula, dada?"

"Anakula. Jana amekula samaki, tena wa Nyangwe, mukubwa hivi."

"Dada, mimi ni nani?"

"Anakujua, shemeji. Yeye na wewe, mutu gani asiyejua ninyi..."

"Shemeji," akasema, "nimemuuliza yeye."

Nikanyamaza, labda kwa mara ya kwanza toka anijue. Muke wangu akamushika kaka yake mukono wa kanzu, akautazama uso wake, akatafuta, akatafuta, na kilichotoka ni "Hapana." Huku bado amemushika. Shemeji akamusemesha Kibangubangu, lugha ya kwao. Akapata hapana nyingine. Alitoka uani akasimama na uso ukutani.

Upande wa wakwe zangu, mutu ambaye akili imemutoka anarudi kwa watu wake. Anakaa karibu na kaburi la mama yake, anatunzwa na wale waliomujua akiwa mudogo. Ni mapendo, si ugomvi. Shemeji hakuniambia neno baya hata moja. Ndiyo maana jibu langu lilikuwa moja tu, kwamba kitanda changu kingebaki na mutu mumoja.

Sasa motari alisha kuleta habari, na mupunga ulikuwa bado kijani. Nilikuwa na ule muda tu wa mupunga kuiva.

Wiki ile nilimupeleka muke wangu sokoni ili anyooshe muguu. Alisimama mbele ya vitu, akanyoosha kidole. Nikamuuliza, "Nini? Vitunguu? Nyanya? Chumvi? Dagaa? Chumvi tunayo. Bamia? Wewe hupendi bamia. Ao pilipili?" Yeye macho yamemutoka, kidole bado kimenyooka.

Mwanamuke mumoja alikuwa anakaanga mandazi kando yetu, munene, kilemba kimekaa upande. Akasema bila kuinua macho kwenye mafuta, "Muzee, unamuuliza ao unamuhubiria?"

Watu wakacheka. Nikasema, "Dada, huyu ni mugonjwa, maneno hayatoki."

"Yatatokea wapi wakati umeziba njia? Nyamaza kidogo."

Nikanyamaza. Akamutazama muke wangu usoni, si mimi. Akainua kitunguu, akangoja. Akaweka chini. Akainua kifungu cha majani ya muchaichai, akangoja. Muke wangu akachukua yale majani akayanusa, na akatabasamu na upande wote muzima wa uso wake. Miezi mingi nilikuwa namupa chai kavu, bila majani yale.

"Mama yangu naye iko vile," yule mwanamuke akasema. "Kuja kwangu siku ya tatu ya juma, kisha sala ya alasiri. Tuko watu kadhaa."

Mimi nilifikiri ni watu wa maombi. Nilienda na muke wangu, na chupa kubwa ya maji ili yasomewe dua. Nilikuta wamekaa uani kwake kwenye viti na ndoo zilizopinduliwa: yeye muuza mandazi, mushonaji mumoja mwanamuke wa makamo, na muzee wa Kikristo, katekista, muembamba kama ufito. Wagonjwa wao walikuwa chini ya paa la jiko pamoja, wamekaa. Nikatoa chupa yangu, nikauliza nani anasoma. Walicheka mupaka katekista akashikilia ukuta. Halafu mushonaji akasema, "Wala usihuzunike, muzee, tulikuwa na kiu," na wakayanywa nusu.

Hapakuwa na daktari pale. Muuza mandazi alikuwa amewahi kukaa lopitali na mama yake, akamusumbua enfirmie kwa maswali mupaka akamufundisha, na aliyoyapata aliwagawia wenzake. Kazi yao ilikuwa kukaa pamoja na kuambiana imekuwaje wiki hii. Watu wa mutaa walikuwa wanapita na kuona watu wamenyamaza wanamutazama mutu mumoja anayetafuta neno, basi wakawaita wenye kungoja. Jina likakaa.

Nilijifunza pale kwamba bwana wa mushonaji, ambaye alikuwa shofa wa lori, maneno yaliyomubakia ni matusi tu. Yale ya barabarani, ya matope. Anakutazama kwa upendo wote, anakutukana mama yako, anakupa kiti. Mushonaji alisema, "Mwezi wa kwanza nililia. Sasa nikisikia tusi lile refu najua amefurahi." Ndugu ya katekista alikuwa seremala, hawezi kuomba maji, lakini ukianzisha wimbo wa kanisa anaimba mistari yote, haachi hata mumoja. Katekista alikuwa amejaribu kumufundisha kuomba maji kwa kuimba. "Imefika mahali," alisema kwa sauti yake ya mimbari, "anaimba maji wakati anataka kwenda chooni. Lakini tunaendelea."

Siku ile walinipima. Waliniambia nimuulize muke wangu neno moja na ningoje. Nikamuuliza kama anataka kukaa kivulini. Nikahesabu moja, mbili, nikasema, "Kivuli ni kizuri, jua hili..."

"Mbili," muuza mandazi akasema. "Amefika mbili."

"Kuku wangu anangoja zaidi," mushonaji akasema.

Wakanipa maji ya chupa yangu mwenyewe niyashike mudomoni bila kumeza mupaka muke wangu ajibu. Mashavu yamevimba hivi. Muke wangu akanitazama, na akaanza kucheka, kicheko chake cha zamani kabisa, kutoka tumboni. Kicheko hakikuwa kimepotea. Mimi ndiye sikuwa nimekipa nafasi. Kisha kucheka akasimama mwenyewe, akavuta kiti chake na mukono wa kushoto, akakipeleka kivulini. Nikameza maji.

Nataka niseme na lile lingine, hata kama si zuri. Wiki ya tatu ao ya nne niliwaambia jambo ambalo sikumuambia imamu wala ndugu yangu. Siku moja, kabla ya kuwajua, nilimushika muke wangu mabega nikamupigia kelele, "Sema basi. Sema." Alilia bila sauti, na mimi nikatoka nikaenda kukaa karibu na ile kinga yangu ya zamani iliyooza. Nilipomaliza kusema hayo nilingoja wanifukuze.

Muuza mandazi akageuza mandazi. "Mimi nilitupa sahani," akasema. "Haikumupata mama. Ilimupata mbuzi."

"Mimi nilimufungia mulango bwana wangu asubuhi nzima," mushonaji akasema. "Nilikaa nje nashona. Sindano iliingia kidole hiki."

Akabaki katekista. Akasema, "Niliomba Mungu amuchukue. Kwa sauti. Na yeye anasikia." Akatazama chini ya paa la jiko, ndugu yake alikuwa kule anachonga kijiti. "Kesho yake aliamka mapema, akanipa kijiko alichonichongea. Sijui alikuwa ananisamehe ao ananiambia nikale."

Hapakuwa na mutu aliyesema usijali. Tulikula mandazi. Nilirudi nyumbani na mabega mepesi, na nikalala usiku ule usingizi wa mutu aliyeshusha mawese ya Kabambare.

Mupunga ukaanza kuwa wa manjano. Nikawaambia habari ya shemeji.

Katekista alitaka tuchore picha kwenye karatasi: nyumba ya Kasongo, nyumba ya Lusangi, muke wangu aweke kidole. Mushonaji akasema tumufundishe neno moja tu, nabaki, kila siku. Niliona ni mashauri mazuri, nikaanza palepale. "Sema na-ba-ki. Na-ba-ki." Muke wangu akanigeuzia kisogo.

"Achana naye," muuza mandazi akasema. "Huyu si kasuku. Kaka yake anakuja kumutazama dada yake, hakuja kumupa mutihani. Muzee, nyumbani kwako nani anapika?"

"Mimi."

"Nani anafagia?"

"Mimi."

"Nani anafunga kilemba chake?"

Nikakitazama, nacho kilikuwa kimefungwa vibaya.

"Sasa kaka atamukuta nani pale? Atakuta wewe mara mbili."

Hilo liliniuma kuliko yote. Nilikuwa najisifu sokoni kwamba mimi ni mwanaume anayepika, na kumbe nilikuwa nimemunyang'anya jiko. Mupaka leo sijui kwa nini mutu mwema anaweza kuiba namna ile.

Tukaanza. Mushonaji alikuja siku mbili kwa wiki, akamushonea kitambaa kizito cha kushika sufuria, akamuonyesha kukata mboga kwa mukono wa kushoto, kibao kimebanwa na kiwiko kile kigonjwa. Kazi yangu mimi ilikuwa kukaa nje ya jiko. Walinichorea musitari kwenye udongo, nisiuvuke. Sombe ya kwanza ilikuwa na chumvi ya kutosha mbuzi kumi. Nilikula. Ya pili iliungua. Nilikula. Ya tatu nilifumba macho, juu ilikuwa sombe yake, ile yenyewe, na kidogo ya mawese juu. Akanitazama anione kama nitasema. Nilikuwa na maneno mengi ya kusema. Nilinyoosha sahani tu aongeze.

Mupunga ulipokwisha kuvunwa, shemeji alikuja, siku ya pili ya juma, asubuhi mapema, juu ya moto, ndiyo pikipiki, na kuku jike mweusi amefungwa miguu nyuma ya motari. Nilipomuona yule kuku nilijua amekuja kwa nini. Kwao, kaka akija kumurudisha dada, anakuja na kuku. Kuku anapikwa katika nyumba ile ile, watu wanakula kwanza, maneno baadaye, ili pasiwe na ubaya kati ya wakwe. Nilituma habari kwa muuza mandazi. Akafika na katekista, wakakaa kama majirani, mikono juu ya magoti. Mushonaji alibaki na wagonjwa wote watatu kule uani kwa muuza mandazi.

Shemeji hakungoja chakula. Alikuwa na haraka ya mutu anayeogopa kulia tena. Akamuinamia dada yake, akasema, "Dada, nimekuja. Unataka turudi kwetu?"

Muke wangu akasema, "Ndiyo."

Wazi kabisa. Ukiondoa ile Bismillahi, halikuwa limetoka neno wazi namna ile tangu augue.

Shemeji akanigeukia, akasema polepole, "Umesikia, shemeji."

Nikafungua mudomo. Yote yalikuwa tayari ndani: ndiyo na hapana zinavyobadilishana, enfirmie, afazi, sahani ya wali, yote. Muuza mandazi aliweka muguu wake juu ya muguu wangu, na yule ni mwanamuke muzito. "Muzee," akamuambia shemeji kwa heshima, "kuku wako bado muzima. Turuhusu mama apike kwanza."

"Apike? Nani apike?"

"Mwenye jiko."

Shemeji akatazama. Muke wangu alikuwa amesimama, amechukua kuku na mukono wa kushoto, anamusogelea katekista amushikie miguu wakati mimi nachinja. Hapo tu ndipo niliruhusiwa kufanya kitu. Halafu tuliketi. Ilichukua muda. Shemeji alisikia kisu juu ya kibao, kimya, kisu. Alisikia sufuria ikianguka, akainuka. Katekista akasema, "Tunangoja, baba." Akakaa. Alisikia dada yake anaigombeza sufuria, sabuni, sabuni, na nikaona sikio lake linageuka upande ule kama la mutu aliyesikia sauti ya zamani.

Sasa lazima nieleze firigisi, kwa wale ambao kwao kuku ni kuku tu. Firigisi, ile nyama ngumu ya tumboni, kwetu haipewi mutu ovyo. Ni ya mwenye nyumba. Mwanamuke anapopakua, anamuwekea yule anayemuhesabu kuwa mukubwa wa nyumba anamokaa yeye. Mbele ya kaka na bwana, na kuku wa kurudisha, kipande kile kidogo kinasema kuliko sisi wote. Akimupa kaka, amefunga mizigo. Akimupa bwana, kaka atarudi peke yake. Nilijua hilo, shemeji alijua, na yeye aliyeshika kijiko alijua. Jambo ambalo shemeji alikuwa bado hajui ni kwamba dada yake anajua.

Alileta sufuria kati. Akapakua wali. Akamuwekea kaka paja. Akaniwekea mimi paja la pili. Katekista akapata kifua, muuza mandazi bawa na shingo. Kijiko kikarudi ndani, kikatafuta kwenye muchuzi, kikatoka na firigisi. Akaishika pale juu, muchuzi unadondoka kwenye mukeka. Akamutazama kaka yake. Akanitazama mimi. Nakumbuka kwamba sikusema neno, na sitaki mutu anisifu, juu muguu wangu ulikuwa bado chini ya ule muzigo.

Akaiweka kwenye sahani yake mwenyewe. Akakaa, akasema Bismillahi yote, akaila.

Mwanamuke kula firigisi, sijawahi kuona. Katekista alikohoa. Muke wangu akatafuna polepole, maana ni ngumu, akitutazama sisi wawili kwa zamu.

Shemeji ndiye aliyeanza. Ilianza kama kwikwi, nikadhani analia. Kumbe anacheka. Alicheka mupaka akaweka sahani chini. "Ni yeye," akasema. "Wallahi ni yeye. Muliona? Alipokuwa mutoto wa hivi aliiba firigisi ya baba. Alipigwa. Wiki nyingine akaiba tena. Mama akamuuliza kwa nini, akasema, juu mimi ndiye nilimukamata kuku." Akapangusa macho. "Mimi na wewe, shemeji, tunagombania kichwa cha nyumba ambacho si chetu."

Kisha akamugeukia muuza mandazi, akauliza kwa sauti ndogo, "Lakini alisema ndiyo. Nilisikia kwa masikio haya."

"Mudomo wake unamudanganya yeye kwanza, kabla ya wewe," akasema. "Muulize kwa vitu. Halafu nyamaza."

Shemeji akafikiri. Akasimama, akaonyesha moto iliyosimama njiani na mufuko wake umefungwa nyuma. Akaonyesha mulango wa nyumba. Hakusema kitu. Akakaa chini, mikono juu ya magoti, kama wao.

Muke wangu alimaliza wali wake kwanza. Alienda njiani, akiuburuta kidogo ule muguu. Alifungua kamba ya mufuko kwa mukono mumoja na meno. Motari alitaka kumusaidia, shemeji akamukatalia kwa kidole. Mufuko ukaanguka, akaushika, akatupita sisi wote, akauingiza ndani, kwenye chumba cha wageni. Tulimusikia anaupiga chini.

"Basi nimekuwa mugeni," shemeji akasema. Akamulipa motari, akamuambia arudi kisha siku nne.

Kwa siku zile nne alikula vizuri, na siku ya tatu ya juma ilipomukuta Kasongo tulimupeleka kwa wenzetu. Bwana wa mushonaji alimupokea na tusi lile refu na kumupa kiti. Shemeji alitazama kiti, akatazama mushonaji, akashukuru, akakaa. Kabla ya magharibi alikuwa amewaambia habari ya mama mumoja wa kijiji cha jirani na Lusangi, ambaye watu wanasema amepandwa na kitu, juu hasemi isipokuwa hesabu, moja mupaka kumi. Akamuuliza muuza mandazi mambo mengi. Mengine alimufanya ayarudie, ili asiyamwage njiani.

Motari alirudi asubuhi. Shemeji alipanda, akapokea mufuko wake, akamuambia dada yake, "Watu wa kwetu wataniuliza. Niwaambie nini?"

Motari akakanyaga kuwasha. Shemeji akamugonga bega. "Zima. Anatafuta."

Moto ikanyamaza. Muke wangu akatafuta, shingo imenyooka, midomo inafanya kazi. Halafu akaacha kutafuta, akageuka, akaingia ndani. Alikawia. Motari alinitazama, nikamuonyesha kiganja, angoje. Alipotoka alikuwa ameshika kofia ya kaka yake, ambayo kaka aliisahau juu ya kitanda, na angepigwa na jua lile lote la njia ya Kabambare kichwa wazi. Akaipiga vumbi kwenye paja, akamuvika, akaivuta mupaka masikioni.

"Sawa," shemeji akasema chini ya kofia. "Nitawaambia kwamba bado ananichunga."